Aliyeiangusha Nokia si Elop: tuitazame bodi

#1 Mlandege_Kwetu

Assalaam alaykum nyote.

Kila maskani unayopita hapa mjini, likitajwa jina la Nokia hukumu ni moja: Stephen Elop ndiye aliyeiua. Katoka Microsoft, kaingia Nokia, kaibomoa, kisha kawauzia wale wale aliotoka kwao. Mimi hukumu hiyo naikataa, na naomba tuijadili kwa hoja na tarehe.

Elop alishika ukurugenzi mkuu Septemba 2010. iPhone ilitangazwa Januari 2007. Hapo katikati pana zaidi ya miaka mitatu na nusu ambayo Elop hakuwa na hata kiti Nokia. Mwanzoni mwa kipindi hicho Nokia ilikuwa na karibu nusu ya soko la simu janja duniani. Alipofika, sehemu yake ilikuwa ikiporomoka kuelekea theluthi moja, na wateja wa simu za bei ya juu, wenye kuleta faida nono, walishaanza kuhama. Hayo hakuyafanya Elop.

Na msiniambie kwamba Nokia hawakujua vioo vya kugusa. Mwaka 2004 walitangaza 7710, kioo kipana cha kugusa. Mwaka 2005 wakatoa Nokia 770: kioo kikubwa, intaneti ya Wi-Fi, na ndani yake mfumo wa Maemo uliojengwa juu ya Linux. Miaka miwili kabla ya iPhone! Lakini haikuwa simu, haina pahala pa kutia laini. Ikafuata N800, ikafuata N810, nazo si simu. Laini ilikuja kuingia mwaka 2009 kwenye N900, wakati Android ishatimiza mwaka sokoni. Miaka minne wamekaa na kitu mkononi wasikiruhusu kupiga simu. Mimi sioni sababu ila moja: Symbian, mfumo wa simu janja zao, ndiyo iliyokuwa ikileta fedha, na wakubwa hawakutaka kuizalia mpinzani ndani ya nyumba yake.

Sasa nafika kwenye hoja yangu. Wakurugenzi wakuu walibadilika: Jorma Ollila hadi 2006, Olli-Pekka Kallasvuo hadi 2010, kisha Elop. Mwenyekiti wa bodi hakubadilika. Ollila alikalia kiti hicho tangu 1999 hadi Mei 2012. Sifa yake haiondoki: aliichukua kampuni mwaka 1992 ikiwa hoi, akaielekeza kwenye simu za mkononi, na mwaka 1998 ikaipita Motorola kuwa ya kwanza duniani. Lakini huyo huyo ndiye aliyesimamia mpango wa 2004 uliochanganya idara, na viongozi wazito kama Matti Alahuhta na Sari Baldauf wakaondoka muda si mrefu. Kallasvuo, mwanasheria aliyepanda kupitia idara ya fedha, alikabidhiwa kampuni chini ya mwenyekiti huyo, na Elop vile vile. Uamuzi wa kuingia Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, ukapita kwenye bodi yake.

Lawama ianzie huko. Karibuni.

#2 Fundi_Darajani

Waalaykum salaam. Tarehe zako sikatai, lakini nyote mnazungumzia simu za laki kadhaa. Mimi nakaa mezani Darajani, na wateja wangu ni mvuvi, mama muuza urojo, kijana wa bodaboda. Hawa hawakuikimbia Nokia kwa ajili ya iPhone. Hawa walikuwa na kitochi.

Nokia 1100 ilitoka 2003 na ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Ukiishika unaona aliyeitengeneza alimfikiria mtu wa aina gani. Batani zote zimefunikwa na mkeka mmoja wa mpira, vumbi na mchanga haupiti. Ubavuni imetiwa vinundu ili isiteleze mkono ukiwa na jasho. Juu kichwani tochi. Ukitaka kuifungua, bisibisi ndogo tu, ganda linatoka, kila kitu unakiona. Betri ni BL-5C, ambayo hadi leo unaikuta ndani ya redio ndogo za kichina zinazouzwa hapa hapa sokoni. Nyie wa Unguja mnaikumbuka Mei na Juni 2008 umeme ulipokatika kisiwa kizima, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kitochi kilikuwa simu, kilikuwa taa ya chooni, kilikuwa taa ya kupikia daku.

Kampuni iliyojua kutengeneza kitu kama hicho ilishindwaje na laini mbili?

Maana hapa kwetu kila mtu alikuwa na Zantel kwa watu wa visiwani, na Vodacom, Tigo au Celtel kwa jamaa wa Bara, kwa sababu kupiga mtandao kwa mtandao kulikuwa ghali. Watu wakitembea na simu mbili, au na simu moja na laini ya pili imezungushiwa karatasi ndani ya pochi. Simu za kichina zikaja na laini mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Tecno ikaja, kampuni mama yake, Transsion, ilianza 2006 na mwaka 2008 ikaamua Afrika ndiyo soko lake. Nokia wakaleta C1-00 mwaka 2010, laini mbili zinaingia lakini inayofanya kazi ni moja, unabana batani kuhama! Laini mbili za kweli kwa mtu wa hali ya chini zikaja 2011. Kufikia hapo meza yangu ishabadilika, ganda la Nokia haliulizwi tena.

Kwa hiyo mimi lawama naipeleka kwa waliokaa Espoo, makao makuu ya Nokia kule Ufini, wakiamua mtu wa Afrika na India anataka nini, bila ya kumuuliza.

#3 Karafuu_Konde

Salamu kutoka Pemba.

Mlandege, umeandika vizuri lakini unamsafisha mtu asiyesafishika. Kuporomoka ni jambo moja, kusukumwa ni jambo jengine.

Februari 2011 Elop aliwaandikia wafanyakazi waraka. Akawahadithia mtu aliyekuwa juu ya mtambo wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini, moto umemzunguka, hana budi kujitosa kwenye maji ya barafu. Akasema Nokia ndiyo ule mtambo unaoungua. Waraka ukavuja, dunia nzima ikausoma. Tarehe 11 mwezi huo huo akasimama London pamoja na Steve Ballmer wa Microsoft akatangaza kwamba simu janja za Nokia zitahamia Windows Phone. Siku hiyo hisa za Nokia zilianguka kwa kiasi cha asilimia 14.

Lumia ya mwanzo, yaani hizo Nokia za Windows Phone, ikaingia madukani lini? Novemba. Miezi tisa! Muuza mchele wa Chake hawezi kubandika tangazo mlangoni kwamba mchele uliomo dukani haufai, mzuri utakuja baada ya miezi tisa, kisha akashangaa wateja hawaingii. Robo ya mwisho ya 2010 Nokia iliuza simu janja zaidi ya milioni 28. Robo ya pili ya 2011, chini ya milioni 17. Symbian pamoja na ubovu wake wote bado ilikuwa ikiuza mpaka siku alipofungua mdomo.

Halafu Juni 2012 Microsoft wakatangaza Windows Phone 8, na Lumia zote zilizokwishauzwa haziwezi kupanda kwenye mfumo huo. Mtu kanunua Lumia 900 mwezi wa nne, mwezi wa sita anaambiwa yako imepitwa. Ni mara ya pili ndani ya mwaka na nusu mteja wa Nokia anaambiwa alichokinunua kimekufa.

Na N9 je? Ilitoka 2011, mfumo wa MeeGo, unapangusa kidole kutoka ukingoni na programu inaondoka, hakuna batani mbele. Waliojaribu waliisifu. Elop hakuipeleka rasmi hata Marekani wala Uingereza. Huyo ni mtu aliyekuja kujenga?

#4 Mlandege_Kwetu

Karafuu, ahsante kwa hoja za uzito. Fundi nitakurudia.

Waraka ulikuwa kosa kubwa, na sijaandika popote kinyume chake. Kuitangaza Symbian kuwa maiti kabla mrithi hajazaliwa kuliwagharimu mabilioni ya yuro. Lakini hebu niulize: mkurugenzi mkuu anaweza kuitoa kampuni ya ukubwa ule kwenye mfumo wake na kuipeleka kwa mshirika mmoja peke yake, bodi isijue? Haiwezekani. Makubaliano yale yaliidhinishwa. Wajumbe waliketi, wakasoma, wakakubali kutembea na mguu mmoja bila ya mkongojo wa akiba.

Na suala la N9. MeeGo ilitangazwa Februari 2010, Nokia na Intel kwa pamoja, kabla ya Elop. Walikuwa tayari na Maemo inayofanya kazi, wakaamua kuichanganya na Moblin, mfumo wa Intel, na kuanza kupatanisha upya, wakati Android inatoa toleo baada ya toleo. Mpaka Elop anafika na kuuliza simu ngapi za MeeGo zitakuwa tayari, jibu halikuwa la kumtuliza mtu. Aliyepoteza mwaka 2010 si yeye.

Kuhusu Android, najua mtu atakuja kusema wangeingia huko wangenusurika. HTC walikuwa wa mwanzo kabisa kwenye Android. Wako wapi? LG waliacha biashara ya simu mwaka 2021. Faida ya Android kwa miaka ile iliingia mfuko mmoja, wa Samsung, na Samsung ndiye aliyeipita Nokia kuwa wa kwanza duniani mwanzoni mwa 2012. Sisemi Windows ilikuwa sawa. Nasema mlango wa Android ulikuwa wazi 2008 na 2009, na aliyekuwa ndani ya nyumba wakati huo hakuwa Elop.

#5 BintiVikokotoni

Samahanini nachelewa, nilikuwa kazini. Mimi naandika programu za simu, ndiyo kazi yangu, na naona nyote mnaipita Symbian juu juu.

Symbian ilitokana na EPOC ya kampuni ya Psion ya Uingereza, mfumo wa miaka ya tisini uliotengenezwa kwa vifaa vya mkononi vyenye memori ndogo mno. Kwa wakati wake ulikuwa kazi ya mafundi hodari, maana kila baiti ilihesabiwa. Lakini ubahili ule ule ndio uliowatesa waandishi wa programu. Ukitaka maneno machache tu yaonekane kwenye kioo, unapita kwenye C++ ya aina yake peke yake, memori unaigawa na kuisafisha wewe mwenyewe, na kosa dogo linaiangusha programu nzima. Simu zenye Symbian nazo hazikufanana, kila kampuni na sura yake ya mfumo: S60 ya Nokia, UIQ ya Sony Ericsson, vioo vya kila ukubwa. Lilipokuja toleo la tatu la S60, programu za zamani hazikufanya kazi tena juu yake, waandishi wakarudi kuandika upya. Kisha unataka saini ya kuthibitisha programu yako, na hiyo ina gharama na foleni yake.

Apple wakafungua duka lao la programu Julai 2008. Nokia wakafungua Ovi Store Mei 2009. Kijana aliye chuoni Tunguu au Nairobi au Bangalore akipima atumie miezi yake sita wapi, hana haja ya kufikiri sana.

Wakubwa wa Nokia walijua. Mwaka 2008 waliinunua Trolltech ya Norway ili waipate Qt, ambayo ingerahisisha uandishi kwenye Symbian na Maemo kwa mpigo. Dawa sahihi kabisa. Lakini kuna wakati timu ya Symbian inajenga vyake juu ya Qt, ya Maemo inajenga vyake, na havilingani. Ndani ya kampuni moja! Fedha zilikuwapo, watu walikuwapo. Mwaka 2007 walikubali kutoa dola bilioni 8.1 kuinunua Navteq, kampuni ya ramani. Ukiweza kununua ramani za dunia kwa bei hiyo, huwezi kusema ulikosa fedha za kuandika mfumo mpya wa simu.

Kwa hiyo mimi naweka lawama kwa waliokuwa wakiongoza programu kuanzia 2005 mpaka 2010. Waliiona simu kuwa ni kifaa: kamera kubwa, betri ndefu, ganda zuri. Kilichomo ndani kikawa kitu cha kumalizia. Tazama N97 ya 2009. Kwenye karatasi imeshinda kila kitu, hifadhi ya gigabaiti 32, kamera ya Carl Zeiss, kibodi ya kuteleza. Memori ya kuendeshea programu ni megabaiti 128, na kioo chake ni cha kubonyeza, si cha kugusa kwa wepesi. Anssi Vanjoki, mmoja wa wakubwa wao, alikuja kukiri hadharani kwamba iliwaangusha wateja.

#6 Fundi_Darajani

Dada Binti, hapo kwenye kioo umenigusa. 5800 XpressMusic ilikuja na kidude cha plastiki kama cha kupigia gitaa, kwa kuwa ncha ya kidole haikutosha, unatumia ukucha. Kile kioo ni tabaka mbili, lazima la juu libonyezwe mpaka liguse la chini. Cha iPhone kinahisi umeme wa ngozi. Ukivishika vyote viwili, huhitaji kusoma kokote.

#7 Mzee_Mkunazini

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi na nafurahi mnajibizana kwa adabu.

Mimi nauliza kama kuna haja ya kumtafuta mtu. Motorola ndio walioonyesha dunia simu ya mkononi. Google waliwanunua kwa dola bilioni 12.5, dili likitangazwa 2011, na 2014 wakaiuza biashara ya simu kwa Lenovo kwa bilioni 2.91. BlackBerry mnajua yaliyowapata. Siemens, Ericsson, Palm. Hao wote walikuwa na bodi mbovu? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na biashara hii sifa zake ni nyingi. Nokia ilianza 1865 na kiwanda cha karatasi, ikapita kwenye mipira, viatu vya mvua, nyaya, televisheni. Ilikuwa ikifa na kufufuka kabla nyinyi hamjazaliwa. Na leo ipo, inatengeneza mitambo ya minara ya mawasiliano, imeinunua hata Alcatel-Lucent. Kilichokufa ni simu.

#8 Karafuu_Konde

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima, sikubaliani. Samsung nayo ilikuwa kwenye dhoruba hiyo hiyo. Wakati Nokia imekumbatia Symbian, Samsung alikuwa akitoa simu za Symbian, za Windows, za Bada yake mwenyewe na za Android, anatazama ipi inashika. Iliposhika Android akatia nguvu zote huko. Kwa hiyo njia ilikuwapo.

Na kwa Mlandege: Septemba 2013 Nokia ikatangaza kuiuza biashara ya simu kwa Microsoft kwa yuro bilioni 5.44. Elop akarudi Microsoft pamoja na mauzo hayo, na akapata malipo ya takriban yuro milioni 18.8, sehemu kubwa ikilipwa na Microsoft. Mtu anaiongoza kampuni, thamani inashuka, inauzwa kwa mwajiri wake wa zamani, na mkataba unamlipa. Hapo unataka niitazame bodi?

#9 Mlandege_Kwetu

Ndiyo, Karafuu. Hapo hasa. Mkataba ule Elop hakujiandikia. Mtu ukimpa mkataba wenye malipo manono kampuni ikiuzwa, umekwishasema nini unakitarajia, au hukuusoma. Vyote viwili ni kazi ya bodi. Kina Microsoft nao hawakuvuna kitu: Julai 2014 walitangaza kupunguza watu 18,000, wengi wao waliotoka Nokia, na mwaka uliofuata wakafuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao. Kama ilikuwa njama, aliyeila hasara ni mwenye njama.

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali biashara hii inameza wakubwa, lakini hatuwezi kuliachia hapo, kwa sababu ya Nokia yamechunguzwa. Quy Huy wa INSEAD, chuo cha biashara, na Timo Vuori wa Chuo Kikuu cha Aalto huko huko Ufini waliwahoji watu 76, wakubwa, mameneja wa kati na wahandisi, na utafiti wao ukachapishwa 2016. Walichokikuta ni khofu. Wakubwa wa juu waliwaogopa washindani na wenye hisa, wakawa wanawabana walio chini yao. Mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa kwa ukali wao, wakawa hawasemi ukweli kwamba Symbian haiendi na tarehe zilizoahidiwa hazitafikiwa. Juu kulikuwa kunafika habari njema tupu, na maamuzi yakifanywa juu ya habari hizo.

Dada Binti, timu zako mbili za Qt zisizolingana zilizaliwa ndani ya khofu hiyo. Fundi, na hilo la laini mbili pia. Nokia ilikuwa na watu Nairobi, ilikuwa na watu India, waliokuwa wakitembea masokoni kama la Darajani. Siamini kwamba hawakuona watu wanabadilisha laini ndani ya daladala. Waliona. Swali ni nani huko juu alikuwa tayari kusikia kwamba simu inayouzwa kwa mamilioni ina kasoro.

Khofu haijiumbi. Inatoka kwa walioko juu, na inakaa kwa kuwa hakuna anayewauliza. Risto Siilasmaa alipokichukua kiti cha mwenyekiti Mei 2012 alianza kwa kuwataka watu walete habari mbaya mapema. Mwaka 2012! Kiwanda cha Salo, mji uliokuwa ukiishi kwa simu za Nokia, kilisimamisha kutengeneza simu mwaka huo huo. Bochum ya Ujerumani ilishafungwa 2008, kazi zikapelekwa Cluj ya Romania, na Cluj nayo ikafungwa baada ya miaka mitatu. Wale waliopoteza kazi Bochum waliipoteza Elop yuko Microsoft, hajaitwa bado.

Karafuu, umeandika mara mbili na swali langu la mwanzo hujaligusa. Wakurugenzi wakuu watatu, mwenyekiti mmoja, miaka kumi na mitatu. Nijibu hilo, kisha turudi kwa Elop.